Ubora wa Mafuta, Kuharibika kwa Injini za Boti za Mwendokasi na Mkanganyiko wa Istilahi katika Kiswahili cha Maziwa Makuu

Ikisiri

Injini ya boti ya mwendokasi ni miongoni mwa mitambo inayoathirika upesi zaidi na mafuta yasiyofaa, kwa sababu hufanya kazi karibu na kikomo cha nguvu zake kwa muda mrefu. Makala haya yanaeleza namna maji, ethanoli, upungufu wa oktani na ukosefu wa kilainishi unavyoiharibu injini ya namna hiyo, kwa kurejelea majaribio yaliyofanywa nchini Marekani na kuchapishwa mwaka 2011. Kisha yanachambua maneno ambayo wazungumzaji wa Kiswahili katika nchi zinazopakana na Ziwa Tanganyika na Ziwa Viktoria huyatumia kuzungumzia mafuta na hitilafu za injini: petroli, esansi, mafuta, oili, kuchanganya, kuchakachua, vinasaba na kunoki. Hoja kuu ni kwamba baadhi ya maneno hayo yanabeba dhana zaidi ya moja, na kwamba katika mazingira ya ziwa linalopakana na mataifa kadhaa utata huo si wa kinadharia tu, bali unahusu usalama wa watu na mali. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo kwa watunga sera, wakuzaji wa istilahi na mamlaka za udhibiti wa mafuta.

Istilahi muhimu: ubora wa mafuta, injini za boti, ethanoli, usanifishaji wa istilahi, Maziwa Makuu

1.0 Utangulizi

Tafiti nyingi za istilahi za Kiswahili zimejikita katika isimu, fasihi, sheria, tiba na teknolojia ya habari. Lugha ya karakana, ya kituo cha mafuta na ya mwaloni haijapewa nafasi inayolingana na uzito wake katika maisha ya watu. Hali hiyo inashangaza, kwa kuwa lugha ya fundi ndiyo inayoamua nini kitamiminwa katika tangi, kwa kipimo gani, na nini kitasemwa injini inapozimika katikati ya maji.

Boti zenye injini kubwa za petroli hutumika katika maziwa ya eneo hili kwa doria za polisi, uokoaji, kusafirisha wagonjwa kutoka visiwani, utalii na usafiri wa haraka. Gari likizimika, dereva husogea kando ya barabara akaita fundi. Boti ikizimika wakati upepo unavuma, hugeuzwa ubavu na mawimbi, na hapo injini iliyokufa huwa chanzo cha ajali. Kwa hiyo swali la ubora wa mafuta ni swali la usalama majini.

Sehemu ya pili inaeleza yanayotokea ndani ya injini, na ya tatu inatoa ushahidi wa majaribio. Sehemu ya nne inachambua maneno, ya tano inatoa mapendekezo, na ya sita ni hitimisho. Mwongozo wa kinadharia ni kanuni inayohusishwa na Eugen Wüster, mwasisi wa nadharia ya jumla ya istilahi, kwamba dhana moja iwe na istilahi moja na istilahi moja ibebe dhana moja. Kanuni hiyo imekosolewa na wanaistilahi wa baadaye, akiwemo Maria Teresa Cabré, kwa kutozingatia vya kutosha muktadha wa mawasiliano. Makala haya yanaukubali ukosoaji huo: maneno ya mafundi hayapaswi kufutwa kwa amri. Hata hivyo, yapo mazingira ambamo utata wa neno moja una gharama kubwa, na hapo kanuni ya Wüster inarudi kuwa na maana.

2.0 Yanayotokea Ndani ya Injini

2.1 Mzigo wa injini ya boti

Injini ya gari dogo hutumia sehemu ndogo tu ya nguvu zake likishashika mwendo katika barabara tambarare. Boti haina nafuu hiyo. Maji yana uzito wa takribani mara 800 ya ule wa hewa kwa ujazo uleule, na boti hulazimika kuyasukuma kila sekunde ya safari. Nahodha akiachia mafuta, boti hupungua mwendo papo hapo. Hali ya injini yake hufanana na ya gari linalopanda mlima usio na kilele. Katika boti za mwendokasi hali huwa kali zaidi, kwa sababu injini huendeshwa kwa mafuta yaliyofunguliwa kikamilifu kwa muda mrefu. Dosari ya mafuta ambayo gari lingeivumilia kwa miezi inaweza kuiangusha injini ya boti katika safari moja.

2.2 Oktani na kugonga kwa mwako

Katika silinda, pistoni hugandamiza mchanganyiko wa hewa na petroli, plagi hutoa cheche, na moto husambaa kutoka kwenye plagi hadi kwenye kuta. Moto huo unapaswa kusambaa kwa mpangilio. Ikiwa joto na shinikizo vitazidi uwezo wa mafuta kustahimili, sehemu ya mchanganyiko ambayo bado haijafikiwa na moto hujiwasha yenyewe kwa ghafla. Mawimbi ya shinikizo hugonga kuta za silinda na kichwa cha pistoni. Kipimo cha uwezo wa petroli kustahimili hali hiyo ndicho kinachoitwa oktani. Oktani haipimi wingi wa nishati iliyomo katika mafuta, kama wengi wanavyodhani. Hupima ustahimilivu wake dhidi ya kujiwasha.

Injini za nguvu kubwa huongeza uwiano wa mgandamizo, au hufungwa kipuliza kinachosukuma hewa zaidi katika silinda. Njia zote mbili huhitaji oktani ya kutosha. Pistoni nyingi hutengenezwa kwa aloi za alumini, na alumini safi huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, ilhali gesi za mwako hupita nyuzi 2000. Pistoni huokoka kwa sababu mwako hudumu kwa muda mfupi, joto huondolewa na mfumo wa kupoza, na tabaka jembamba la gesi isiyo moto sana huikinga sura yake. Mawimbi ya kugonga kwa mwako hulivuruga tabaka hilo. Ndipo kichwa cha pistoni huliwa kingo, hutoboka, au pete zake huvunjika. Katika gari dereva anaweza kusikia mlio wa kugonga. Katika boti inayokwenda kasi, kelele za upepo, maji na moshi huufunika mlio huo hadi madhara yatokee.

Mafuta ya taa yakiongezwa katika petroli hushusha oktani yake. Pia hayageuki mvuke kwa wepesi kama petroli, hivyo sehemu yake hubaki katika hali ya kimiminika na kuosha utando wa oili kwenye kuta za silinda. Ikumbukwe kwamba zipo injini za boti zilizoundwa mahususi kutumia mafuta ya taa. Hizo huwashwa kwa petroli na kisha huhamishiwa kwenye mafuta ya taa, na uwiano wake wa mgandamizo ni mdogo. Kwa hiyo mafuta ya taa si sumu kwa kila injini. Madhara hutokea pale mafuta yanapokutana na injini ambayo hayakukusudiwa.

2.3 Ethanoli, hewa na maji

Ethanoli ni alkoholi inayoweza kutengenezwa kwa miwa, mahindi au molasi. Ina oktani ya juu kuliko petroli ya kawaida, na kwa sababu hiyo haiwezi kulaumiwa kwa kushusha oktani. Tatizo lake katika injini za boti liko katika mambo mengine matatu.

Kwanza, takribani asilimia 35 ya uzito wa ethanoli ni oksijeni. Petroli huhitaji takribani kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya mafuta ili iungue kikamilifu, ilhali ethanoli huhitaji kilo 9. Gari la kisasa lina kihisio cha oksijeni katika bomba la moshi, nacho huiambia kompyuta iongeze mafuta. Injini nyingi za boti hazina mfumo huo. Hivyo ethanoli ikizidi kiwango kilichokusudiwa, mchanganyiko hupungukiwa mafuta, na injini iendayo kwa nguvu zote hupata joto zaidi kwenye vali za kutolea moshi.

Pili, ethanoli huvuta maji. Petroli yenye asilimia 10 ya ethanoli, ijulikanayo kwa alama ya E10, inaweza kushika takribani asilimia 0.5 ya maji katika nyuzi 15 za Selsiasi. Katika tangi la lita 200, hiyo ni lita moja tu. Maji yakizidi hapo, au joto likishuka, ethanoli huachana na petroli na kushuka pamoja na maji hadi chini ya tangi. Petroli inayobaki juu imepoteza sehemu ya oktani yake. Tabaka la chini, ambako mrija wa kuvutia mafuta huchota, ni maji na alkoholi. Katika injini za mipigo miwili zinazochanganyiwa oili ndani ya petroli, oili hubaki na petroli juu, na injini inayovuta tabaka la chini hukosa kilainishi. Chujio la kutenganisha maji haliwezi kuyarejesha mafuta yaliyokwisha kuachana. Tangi hilo halina budi kumwagwa na kusafishwa.

Tatu, ethanoli ni kiyeyushi. Petroli yenye ethanoli ilipoenea katika majimbo ya New York na Connecticut kuanzia mwaka 2004, baada ya majimbo hayo kupiga marufuku kiongezi kilichotumika awali, baadhi ya boti za zamani zenye matangi ya faiba zilianza kuharibika. Ethanoli iliyeyusha gundi ya matangi hayo, na masalia meusi yakaganda kwenye vali za kuingizia hewa hadi zikanasa. Mafuta yaliyouzwa yalikuwa halali na yenye kiwango. Kilichokosekana ni uwiano kati ya mafuta mapya na vyombo vya zamani.

3.0 Ushahidi wa Majaribio

Mwaka 2010 na 2011, Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani liliruhusu petroli yenye ethanoli ya asilimia 15, yaani E15, kwanza kwa magari ya mwaka 2007 na kuendelea, kisha kwa yale ya mwaka 2001 na kuendelea. Boti, pikipiki na mashine ndogo hazikuruhusiwa. Katika kipindi hicho kampuni ya Mercury Marine ilifanya majaribio kwa ajili ya maabara ya taifa ya nishati jadidifu ya nchi hiyo, na ripoti ikachapishwa mwaka 2011.

Aina tatu za injini zilijaribiwa, mbili kwa kila aina: moja ikitumia E15 na nyingine petroli isiyo na ethanoli. Zilikuwa injini ya nguvu farasi 9.9 yenye kabureta, injini ya mipigo miwili ya nguvu farasi 200, na injini ya Verado ya nguvu farasi 300 yenye kipuliza hewa. Lengo lilikuwa kuziendesha kwa nguvu zote kwa saa 300.

Matokeo yalitofautiana. Verado iliyotumia E15 ilivunjika vali tatu za kutolea moshi ilipokaribia kumaliza jaribio. Injini ya nguvu farasi 200 iliyotumia E15 iliharibika beringi ya fito la pistoni baada ya saa 256, na beringi yenyewe ilikuwa imesagika kiasi kwamba chanzo halisi hakikuweza kuthibitishwa. Injini ndogo ilimaliza saa zake, lakini iliyotumia E15 ilizunguka vibaya ikiwa katika mwendo wa chini na ilionesha dalili za kupata joto zaidi.

Matokeo haya yasomwe kwa tahadhari. Injini moja kwa kila kundi ni sampuli ndogo, na jaribio la beringi halithibitishi kwamba ethanoli ndiyo iliyosababisha. Hata hivyo, kuvunjika kwa vali kunaafikiana na maelezo ya kikemia yaliyotolewa hapo juu: oksijeni zaidi, mafuta pungufu, joto zaidi.

Kwa mtafiti wa lugha, jambo la kuzingatiwa zaidi ni kilichofuata. Mamlaka ya Marekani haikuishia kutunga kanuni ya kikemia. Ililazimisha kila pampu ya E15 ibandikwe lebo yenye rangi na maneno maalumu, ikitaja kwa jina kwamba mafuta hayo hayaruhusiwi katika boti. Barani Ulaya, tangu Oktoba 2018, pampu na magari mapya hubeba alama za pamoja: duara kwa petroli, mraba kwa dizeli, na tarakimu kama E5 na E10 ndani yake. Katika mifano yote miwili, maneno na alama zimehesabiwa kuwa sehemu ya udhibiti wa ubora. Kwa mtazamo huo, swali la Kiswahili haliwezi kuachwa nje ya mjadala wa mafuta.

4.0 Maneno na Dhana

4.1 Petroli na esansi

Ziwa Tanganyika linapakana na Tanzania, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Zambia. Kiswahili husikika katika bandari zake kuanzia Kigoma hadi Kalemie, Uvira na Bujumbura. Katika Kiswahili cha Tanzania na Kenya, petroli ni mafuta mepesi ya magari, na mafuta ya taa huitwa kwa jina lake hilo. Upande wa Kongo na Burundi, ambako maneno ya teknolojia yameingia kupitia Kifaransa, mafuta ya magari huitwa esansi, dizeli huitwa mazutu, na neno la Kifaransa linalosikika kama petroli ni mafuta ya taa. Hali hiyo inafanana na ya Kinyarwanda, ambamo lisansi ni mafuta ya magari na peteroli ni ya taa.

Asili ya maneno yote mawili ni moja, Kilatini chenye maana ya mafuta ya mwamba, lakini Kiingereza na Kifaransa viliyaelekeza kwenye bidhaa tofauti, na Kiswahili kikayapokea kutoka pande mbili. Matokeo yake ni neno moja, ziwa moja, na dhana mbili. Na dhana hizo si mbili zozote tu: mafuta ya taa ndiyo hasa kichafuzi kinachoiua injini ya petroli.

Katika mauzo ya ana kwa ana, harufu, bei na mazoea humzuia mtu kukosea. Hatari iko katika mawasiliano ambamo vitu hivyo havionekani: agizo la simu au redio, hati ya manunuzi, orodha ya misaada, mwongozo wa mafunzo uliotafsiriwa upande mmoja na kutumiwa upande mwingine. Tena hatari haiko kwa injini pekee. Mtu aliyezoea kuita mafuta ya taa petroli, akapewa petroli ya magari na kuimimina katika taa au jiko, anaweza kusababisha mlipuko nyumbani. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na kadiri biashara na hati za pamoja zinavyoongezeka, ndivyo makosa ya namna hii yanavyopata nafasi zaidi ya kutokea.

4.2 Mafuta na oili

Neno mafuta hubeba mafuta ya kupikia, ya kujipaka, ya kuendeshea mitambo na ya kulainishia. Katika mazungumzo ya kawaida muktadha hutosha. Katika injini ya mipigo miwili hautoshi, kwa sababu aina mbili za mafuta hukutana katika tangi moja. Maelekezo yasemayo kwamba mafuta yachanganywe kwa uwiano wa 50 kwa 1 hayasemi kipi ni 50 na kipi ni 1 kwa mtu ambaye hajui tayari. Uwiano huo unamaanisha mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli, yaani mililita 400 kwa dumu la lita 20. Oili ikipungua, beringi na silinda hukosa utando. Ikizidi sana, plagi hulowa na masizi hujaa.

Istilahi rasmi ya vilainishi, ambayo hutumiwa na mamlaka za udhibiti nchini Tanzania, ni sahihi kidhana lakini si ile inayosikika mwaloni. Hapo neno ni oili. Zaidi ya hayo, oili zenyewe si sawa. Injini za boti za mipigo miwili zinazopozwa kwa maji huhitaji oili isiyoacha majivu, ambayo hutambulishwa kwa alama ya TC-W3 kwenye chupa. Oili ya pikipiki inaweza kuacha majivu yanayoganda katika chumba cha mwako, yakawa kaa la moto linalowasha mchanganyiko kabla ya cheche. Muuzaji anayeuliza tu kama mteja anataka oili ya injini ya mipigo miwili hajauliza swali linalotosha.

4.3 Kuchanganya, kuchakachua na vinasaba

Kitenzi kuchakachua kilienea nchini Tanzania kwa kasi kubwa kupitia habari za mafuta yaliyotiwa mafuta ya taa. Mwaka 2010 kilihamia katika siasa, watu wakazungumzia kuchakachua kura na matokeo. Ni neno lenye nguvu kwa sababu linabeba tendo na hukumu yake: kuchanganya kwa nia ya kudanganya. Serikali nazo zilichukua hatua. Tanzania ilianza kuweka vinasaba katika mafuta mwaka 2010 na ikapandisha kodi ya mafuta ya taa katika mwaka wa fedha wa 2011/12, ili kuondoa faida ya kuyachanganya. Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 kwa lengo hilohilo.

Hata hivyo, mafanikio ya neno hili yameficha dhana nyingine. Mafuta yanaweza kuwa mabaya kwa njia nne zinazotofautiana: yakiwa yamechafuliwa kwa maji au taka, yakiwa yamechakachuliwa, yakiwa yamechakaa kwa kukaa muda mrefu, na yakiwa mazuri lakini hayaiafiki injini husika. Kila moja ina chanzo chake, mhusika wake na dawa yake. Nahodha anaposema kwamba mafuta yalichakachuliwa, huenda maji yaliingia katika tangi lake mwenyewe kupitia kifuniko kibovu. Neno linampa mtuhumiwa kabla ya uchunguzi kuanza, na tangi halikaguliwi.

Vinasaba navyo vimeeleweka kuliko vinavyostahili. Sitiari ni nzuri: mafuta yana ukoo unaoweza kupimwa. Lakini alama hizo huonesha kama mafuta yamelipiwa kodi na kama yamechanganywa na mengine yasiyo na alama. Hazioneshi kama yana maji, wala kama yanafaa kwa injini ya nguvu farasi 300. Mafuta yenye vinasaba kamili yanaweza kuiua injini.

Suala hili litakuwa zito zaidi ethanoli itakapoenea. Malawi imechanganya ethanoli na petroli tangu mwaka 1982, Kenya ilifanya hivyo katika miaka ya 1980, na Uganda ilipitisha Sheria ya Nishatimimea ya mwaka 2020. Mchanganyo wa kisheria utakapofika katika vituo vya mafuta, umma utauita nini? Ukikosa neno lake, utaitwa uchakachuaji, na sera yenye nia njema itapokelewa kama udanganyifu. Kinyume chake ni hatari vilevile: mlaghai anaweza kujificha nyuma ya neno la jumla la kuchanganya.

4.4 Kunoki na kugonga

Katika karakana za Tanzania na Kenya, injini iliyonoki ni injini iliyokufa: beringi zimesagika, mtaimbo umeharibika, na kinachofuata ni matengenezo makubwa. Neno limetokana na Kiingereza, lakini katika lugha hiyo ya asili hutaja pia mlio wa kugonga kwa mwako, ambao ni dalili inayotangulia. Kwa njia hiyo Kiswahili cha mafundi kina jina la kifo lakini hakina jina thabiti la ugonjwa. Fundi akisoma au kutafsiriwa onyo kwamba mafuta ya oktani ndogo hufanya injini inoki, atalielewa kama habari ya mwisho wa injini, wala si kama ishara inayomtaka nahodha apunguze mwendo mara moja. Maonyo yana thamani pale yanapoielekeza hatua inayoweza kuchukuliwa mapema. Istilahi isiyotenganisha dalili na matokeo huiondoa thamani hiyo.

5.0 Mapendekezo

Kutokana na uchambuzi huu, makala yanapendekeza yafuatayo.

i) Hati zote za kimataifa za Kiswahili zinazohusu mafuta katika nchi za Maziwa Makuu zitaje bidhaa kwa jozi: petroli (esansi), dizeli (mazutu). Mafuta ya taa yaitwe mafuta ya taa pekee, na neno petroli lisitumike kwa maana hiyo katika hati rasmi. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ina nafasi ya kuratibu jambo hili pamoja na mashirika ya viwango.

ii) Miongozo ya injini za mipigo miwili iandike uwiano kwa vipimo vinavyoonekana, kwa mfano mililita 400 za oili kwa dumu la lita 20 za petroli, na itumie oili pamoja na kilainishi hadi istilahi rasmi izoeleke.

iii) Kuchakachua kubaki kwa udanganyifu pekee. Mchanganyo halali wa ethanoli upewe jina lake, kwa mfano petroli changamani, na alama ya tarakimu kama E10 iwekwe kwenye pampu kabla ya mauzo kuanza, pamoja na onyo linalotaja boti bayana.

iv) Kunoki kuachiwa maana yake ya karakana, na kugonga kwa mwako kutumike kwa dalili. Fomu za uchunguzi wa ajali za majini zitenganishe aina nne za mafuta mabaya zilizotajwa katika 4.3, ili takwimu zitakazokusanywa ziwe na maana.

v) Nchi zinazoandaa sera za ethanoli zizingatie kwamba boti za doria, za uokoaji na za wagonjwa zinahitaji uhakika wa kupata petroli isiyo na ethanoli, au angalau muda wa kukagua matangi, mipira na machujio yake kabla ya mabadiliko.

Mapendekezo ya i) hadi iv) ni ya gharama ndogo ukilinganisha na bei ya injini moja ya boti ya doria. La v) linahitaji majadiliano kati ya wizara za nishati, uchukuzi na uvuvi, ambazo kwa kawaida hukutana kwa nadra juu ya suala la maneno.

6.0 Hitimisho

Imeoneshwa kwamba injini ya boti ya mwendokasi huharibika kwa njia mahususi zinazoweza kuelezwa: mwako unaogonga kwa kukosa oktani, joto linalovunja vali kwa oksijeni kuzidi, tabaka la maji na alkoholi lisilo na oili, na majivu ya oili isiyofaa. Kiswahili kina uwezo wa kuyaeleza haya yote bila shida. Kinachopungua ni makubaliano kati ya nchi zinazokitumia, na kati ya ofisi na mwalo.

Usanifishaji wa istilahi mara nyingi umefanywa kwa kuanzia katika vitabu na kushukia kwa watumiaji. Katika eneo hili, mwelekeo wa kinyume unafaa zaidi: kuanza na neno ambalo nahodha na fundi hulitamka, kuona ni wapi linawapotosha, na kulitengeneza hapo tu. Nahodha wa Kigoma anayeagiza petroli kutoka Kalemie anastahili kujua kwamba atapokea kile alichokiomba.